Baba, Siku Hizi Unasema Kipilefti

Baba yangu wa Tanga,

Shikamoo. Ulipopiga simu juzi, mama alikuwa sebuleni, kwenye kitanda nilichomwekea tangu kiharusi kimshike. Nikaiweka simu kwenye spika ili naye akusikie. Ukasema unaumwa, ukataka nije nikuone. Ukaanza kunielekeza: "Ukishashuka, fuata barabara kuu mpaka kipilefti cha pili, kisha ingia barabara ya vumbi, mkono wa kulia."

Nikauliza kipilefti ndiyo nini. Ukacheka. "Si hiyo raundabauti yenu, mwanangu."

Yenu. Mama aligeuza uso ukutani. Simu ilipokatika akaniambia, kwa ule mdomo wake uliopinda, "Huyo harudi tena." Miaka yote uliyokaa huko na mke mwingine, wallahi hakuwahi kulitamka hilo.

Wajua kilichomuuma? Wewe ndiwe uliyetufundisha kumjua mtu kwa jinsi anavyoiita njia. Ukirudi safari na lori lako, wenzangu waliletewa peremende na baba zao, mimi uliniletea maneno. Ulinikalisha barazani ukanijaribu. Nani husema haiwei? Watu wa Nairobi. Nani huiita lami kaburimbo? Wa Kigali. Na kwetu je? Nami najibu, barabara kubwa, kama anavyosema mama. Ukanipigia makofi. Nikakuuliza mimi nitakwenda lini, ukasema, "Ukimaliza shule nitakupakia mbele, mpaka mpakani." Nilimaliza shule, baba. Wewe ulikuwa ushavuka feri ya Likoni na begi lako, kwa kazi uliyosema ni ya majuma machache tu.

Sasa nauza chai na mahamri hapa Miritini, pale malori yanapoegeshwa. Madereva hukaa kwenye benchi langu wakalalamikia barabara, nami kabla hawajasema kwao ni wapi nishajua. Juzi kijana mmoja wa bara aliiita baipasi yetu supahaiwei, nikacheka peke yangu, kisha nikatamani ungekuwepo ukacheka nami. Nazijua njia zote kwa majina. Nilikofika mwenyewe ni hospitali ya Port Reitz tu, kumpeleka mama kliniki.

Hiyo baipasi haikuwepo ulipoondoka. Inapita mbele ya mlango wetu, na katikati wameweka ukuta wa saruji. Nyuma yetu reli. Ukitaka kuvuka, uende hadi daraja la miguu, upande ngazi na kushuka, na mama ngazi haziwezi. Majirani hunambia nina bahati, barabara imenijia mlangoni, na siku hizi mtu huenda hadi Tanga bila kupanda feri. Kweli huenda. Malori yanakwenda mchana kutwa, vikombe vikitikisika kabatini, nami niko ndani namgeuza mama ubavu. Mimi barabara hii naiona kama komeo lililotiwa kwa nje.

Nimechoka, baba. Nimekukasirikia, na nimekukumbuka, na sijui ni lipi lililozidi. Nikija huko, nani atamlisha mama? Nani atamwosha? Wewe uliweza kuondoka kwa sababu mimi nilikuwepo, hata kama hukuwahi kulifikiri hivyo. Mimi nikiondoka hakuna mtu.

Kwa hivyo siji. Njoo wewe, ukipata nafuu. Nami nakuelekeza kwa maneno ya huko kwako, usije ukasema umepotea. Shika barabara kuu mpaka Lungalunga, upite Ukunda, na kabla ya Likoni uingie barabara ya mchepuko, hiyo tunayoiita baipasi. Usiteremke mpaka uone malori mengi yameegeshwa. Uliza anayeuza chai.

Jana asubuhi nilipokuwa namnywesha uji, mama aliusukuma mkono wangu. Nikadhani ameshiba. Kumbe alitaka nimfundishe lile neno lako. Nimelirudia naye mpaka uji ukapoa. Ulimi bado mzito, lakini analitoa: ki-pi-lefti.

Anasema ukipiga tena nisiseme kitu. Atakuelekeza mwenyewe.

Mimi bintiyo,
niliye pale pale ulipotuacha