Kidudu cha Bahari Kimepata Jina la Mami

Mami wangu wa Kimbo,

Jua la Watamu linachoma hata kivulini. Ndani ya sifongo ya bahari mimi, dereva wa maprofesa, nimeona kidudu kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho dunia haikukijua. Prof alitaka kukipa jina la tajiri aliyelipia safari. Nikamwambia, "Huyu ni jike, na nimemwona mimi. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake." Akacheka tu. Lakini tajiri alichungulia kwa darubini, akaona miguu kumi na minne na mdomo wa kunyonya, akakataa katakata. Sasa Prof anaandika kurasa nzima kueleza nywele za miguu ya Wanjiku, wajina wako. Usinikasirikie. Anabeba watoto wote kifuani, haangushi hata mmoja.

Mungu akutunze, Mami.

Kamau wako