Jino Lililosingiziwa

Nyumbani, chumba cha uani,
S.L.P. 318.
9 Julai

Mpendwa Kitindamimba,

Salamu nyingi sana. U mzima? Baridi ya huko imepungua, na mgongo je? Sisi tunapumua. Mama siku hizi anatembea bila fimbo, na ulimi wake bado hauhitaji dawa.

Sitakuzungusha. Dada yetu yuko hali mbaya, na uongo uliokutuliza ulitoka kinywani mwangu.

Baada ya upasuaji wa titi, damu yake niliipima mwenyewe maabarani. Kuna protini ambayo ini humwaga kwenye damu mwili unapopambana na kidonda, maambukizi, hata saratani. Yake ilikuwa juu mno. Wakati huo shavu lilikuwa limevimba kwa jino bovu, basi nikalisingizia jino. Nikawaambia wote ni jino tu, nawe ukaahirisha safari. Daktari alisema tupime tena likishang'olewa.

Liling'olewa. Nikapima, namba ilikuwa palepale. Nikailaumu mashine, nikapima kwa nyingine. Miaka kumi na tisa nawaambia wagonjwa kwamba mashine haina undugu! Karatasi ya majibu nikaikunja mfukoni mwa koti langu jeupe, ikakaa wiki sita bila daktari kuiona. Najichukia, mdogo wangu.

Dada ndiye aliyeikuta, alipochukua koti anishonee kifungo. Unamjua, fundi cherehani yule hagusi nguo bila kupekua mifuko. "Wewe Daktari Mkojo," akaniambia, "jino langu la watu umelitia hatiani bure!" Tulicheka, kisha mimi nikashindwa kuendelea.

Vipimo vipya vinaonyesha ugonjwa umefika mapafuni. Daktari anasema protini peke yake haitoi hukumu, ila ilikuwa inabisha hodi. Kama wiki zile sita zingesaidia, hajui. Hilo ndilo linalonila.

Nawe usijitie utakatifu. Kila Jumapili kwenye simu ni "utapona tu, dada". Amechoka kuitikia.

Anakushonea shati. Mwili ameshaukata, mikono bado, maana anasema vipimo alivyo navyo ni vya kijana aliyeondoka, hataki kubahatisha mabega. Hukaa cherehanini dakika kumi, akapumzika saa nzima.

Wasalimie shemeji na wanangu. Mama na shangazi wanakusalimu. Mungu akulinde njiani, maana safari hii huiahirishi tena. Njoo upimwe mabega angali anaweza kushika futi.

Wako akupendaye, ingawa leo hajipendi,
Kaka yako, Daktari Mkojo