Mama wa Kukodi Harusini Nyakarenzo

Mpendwa mchumba wangu wa zamani,

Ujumbe wako umenifikia. Unasema kampuni yako ya sherehe inakua, unataka nije Kigali tufanye kazi pamoja, na kwamba "yale ya zamani yameshapita." Nimeamua kukujibu hadharani, Prosper, kwa sababu ulilolifanya ulilifanya hadharani na watu wakakupigia makofi.

Sitasema sikukupenda. Tulikuwa wawili tu darasani tuliolelewa Bukavu, na wenzetu walitucheka kila tulipofungua mdomo. Tulisoma utalii kwa Kiingereza, tukaelezana kwa Kifaransa, tukagombana kwa Kiswahili chetu. Nakumbuka safari ya mafunzo kwenye maji moto ya Bugarama, ulipojifanya kiongozi wa watalii ukawahutubia ng'ombe waliokuwa wanakunywa maji kando, na vumbi la kiwanda cha saruji cha Muganza limekujaa kwenye nyusi. Nilicheka hadi nikakaa chini. Nakumbuka pia Jumamosi tulizovuka daraja la mpakani kurudi Bukavu kwa mama yangu mdogo, Maman Clarisse, aliyebaki Bukavu wazazi wangu waliporudi Rwanda, kwa sababu hakutaka kuliacha kaburi la mumewe. Alikukaangia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akakuongezea ugali bila kukuuliza. "Kula, mwana wangu," alikuambia. "Masomo inakula mwili."

Kwa hiyo Clarisse, binti yake wa pekee, alipochumbiwa na kijana wa Nyakarenzo, upande wa Rwanda, tuliona ni baraka. Mtihani wetu wa mwisho ulikuwa kuandaa tukio la kweli mbele ya wahadhiri. Tukaomba tuiandae harusi ile, na familia zote mbili zikakubali. Mama mdogo alishonewa mushanana, vazi la sherehe la kufunga begani, wa rangi ya zambarau, tukautunza kwetu Kamembe ili auvae akishavuka asubuhi ya harusi; Clarisse mwenyewe alikuwa ametangulia kuvuka.

Asubuhi ya harusi tuliamshwa na milio ya bunduki ng'ambo ya pili. Mama mdogo alinipigia simu, sauti yake ikikatika.

"Banafunga daraja, mwanangu. Ambia bakwe bangoje kidogo. Niko nakuja. Basimuoze mutoto wangu mi sipo."

Nilikuambia neno kwa neno. Ukanishika bega. "Nenda mpakani umsubiri," ukasema. "Kwa bakwe niachie mimi."

Nikakuamini. Nilisimama kwenye kizuizi, jua likanichoma, nikawatazama askari wakiwarudisha wanawake wenye mabeseni ya nyanya vichwani. Hakuna aliyevushwa. Nilipopanda pikipiki kwenda Nyakarenzo, nilidhani nakwenda kuwakuta watu wanakunja mahema.

Nikakuta ngoma. Clarisse ameshaolewa. Na kwenye meza ya wazazi, katika kiti cha mama wa bibi harusi, alikaa mwanamke nisiyemjua, amevaa mushanana wa zambarau wa mama yangu mdogo.

Nilimfuata alipotoka kunawa mikono. Alikuwa mmoja wa akina mama walioletwa kuosha sahani.

"Dada, unisamehe," akasema huku anaivuta nguo ile ya watu mabegani. "Balinitoa ku sahani, baniambia ni ya picha tu. Sikujua mama mwenyewe eko muzima."

Nawe ulikuja mbio ukaninong'oneza kwamba wahadhiri hawapendi kuona pengo mezani. Pengo! Ulikuwa umewaambia wakwe kwamba Maman Clarisse ametoa baraka yake kwa simu. Bibi harusi mwenyewe ulimwambia mimi nimekubali. Baadaye Clarisse aliniuliza, wanja umemchuruzika mashavuni, "Kama wewe ulikubali, mi ningesema nini?"

Uliwaza nini ulipokuwa unamfunga mwanamke yule nguo ile? Ulikula kutoka mikononi mwa mwenye nguo ile!

Nilipowaeleza wahadhiri, mmoja alinijibu kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyekosea: "Mademoiselle, tukio lilianza kwa wakati. Soko linataka hivyo." Wakakusifu kwa kutotetereka wakati wa dharura. Nikaomba jina langu litolewe kwenye kazi ile, nami nikarudia mwaka mzima, nikikaa na wanafunzi wapya walionitazama kama mjinga. Wewe ulivaa joho, ukaenda zako.

Hukuwepo picha zilipofika Bukavu. Nilikuwepo mimi, kwenye simu.

"Nani ule anaikala ku kiti yangu?" mama mdogo aliuliza. Akauliza tena, polepole: "Clarisse ana mama mwingine?"

Hukuwepo pia daraja lilipofunguliwa, alipovuka kwa miguu na mfuko mmoja, nikampeleka Nyakarenzo. Baba wa bwana harusi alipojua ukweli alivua kofia. "Maman, tulidanganywa," akasema. "Sisi tungengoja hata mpaka mavuno. Mtu hangojei mkwe wake?" Akaita majirani. Maharage yakawekwa jikoni, pombe ya ndizi ikaletwa. Mama mdogo akampakata Clarisse mapajani kama mtoto, mtu mzima yule, akamwambia yale ambayo mama humwambia binti siku hiyo. Sikuyasikia, wala sikupaswa kuyasikia. Hapakuwa na mapambo wala mhadhiri. Ndiyo harusi pekee niliyoiandaa ambayo naweza kusema ni yangu.

Na sasa nimefungua ukurasa wa kampuni yako nikakuta picha ya mama wa kukodi pale juu kabisa, anatabasamu, chini yake umeandika kwamba kwako hakuna kinachoharibika. Kwa hiyo hujajuta. Unaiuza.

Jibu langu ni hapana. Digrii yangu nimeipata mwaka huu, nami nitafanya kazi hapa Rusizi, mpakani hapa hapa, ambako kila sherehe ina mtu anayengojewa kutoka ng'ambo. Wateja wangu nitawaambia tangu siku ya kwanza: tutangoja.

Iondoe picha ile leo. Kisha vuka daraja, bisha hodi kwa Maman Clarisse, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Atakufungulia. Namjua, huenda hata akakuwekea chakula. Usikiguse kabla hujasema.

Mungu akulinde barabarani. Kwangu usipite.

Mimi, ambaye hukunioa