Rangi ya Gari la Kapteni Soka

Jumatatu, 18 Januari 1993

Leo wameleta gari. Lori la mihogo kutoka Koboko limeingia uani saa nne asubuhi, na juu yake, limefungwa kamba kila upande — Mustang. Nimelijua kabla halijashushwa. Pua ndefu ile! West Nile nzima lilikuwapo moja tu. Nikajifanya natafuta msasa.

Mwenye gari ni msichana, Mariam Poni, binti wa marehemu Kapteni Soka wa jeshini. Ana miaka ishirini na moja, anauza vitenge soko la Koboko. Anaongea taratibu lakini habanduki. Baba yake alipokufa mwaka 1979, baba yake mdogo, Lokule, alilivuta gari hadi nyumbani, akalijengea kibanda cha udongo kulizunguka ili lisionekane. Kisha wote wakakimbilia Zaire. Waliporudi walikuta kibanda kimeungua na gari limekaa katikati ya majivu. Sasa wanataka kumfanyia marehemu karama — dua na chakula, mambo ambayo hakuwahi kufanyiwa kwa sababu ya mbio zile. Ni Jumapili tarehe 21 Februari, kabla Ramadhani haijaingia. Na binti anataka gari la baba lisimame uani siku hiyo kama lilivyokuwa.

Kama lilivyokuwa! Halina rangi hata ya kusingizia, ni kutu na masizi. Mama yake alifia Zaire. Yeye alilelewa kwa bibi, gari aliliona mara mbili tu, akiwa mdogo. Lokule anasema lilikuwa jekundu. Shangazi anaapa lilikuwa la njano. Wamebishana mpaka wamenuniana.

"Mzee, watu ya nyumbani inasema ni wewe ulipaka," akaniambia. "Ilikuwa rangi gani?"

Nikamwambia bluu.

Sijui ilitoka wapi. Imetoka tu.

Jumanne, 19 Januari

Niandike ukweli hapa angalau. Madaftari ya miaka ile niliyachoma tulipokimbia, kwa hiyo hakuna mahali pengine ulipoandikwa.

Lilikuwa rangi ya chungwa. Chungwa lililoiva. Lokule na shangazi kila mmoja amekosea hatua moja tu. Nililipaka mwaka 1976, makoti tisa, kila koti nikisugua kwa msasa wa maji. Soka alitaka nyeusi kama wakubwa wenzake. Mimi ndiye niliyembembeleza akubali chungwa. Nilitaka watu wakiliona waulize ni kazi ya nani — na waliuliza! Watu walitoka Ayivu kwa baiskeli kuja kulitazama. Nilitembea kifua mbele mwaka mzima.

Mwaka 1979, serikali ya wanajeshi ilipoanguka, ile wiki mji wetu wa Arua ulipokuwa unahama, Soka alikuja hapa asubuhi. Peke yake, shati la kiraia. Alikuwa anawahi Koboko amchukue mke wake wavuke mpaka. Akasema askari walioshinda wanamtafuta, na kwenye vizuizi wameambiana waangalie gari la chungwa. Akaomba nilibadilishe. Rangi yoyote. Nikamwambia bodi inataka kukwaruzwa, inataka rangi ya chini, praima, inataka siku tatu za kukauka. Akasema, hata kwa brashi, Ayiko. Nikamjibu kwamba mimi sipaki gari kwa brashi, sembuse juu ya kazi ile. Arudi Alhamisi.

Kopo la kijivu lilikuwa mezani. Brashi zilikuwepo. Masaa mawili yangetosha.

Hakubishana. Alinishika mkono akaondoka. Kabla ya adhuhuri walimshusha kwenye kizuizi, njia ya Koboko, na hakuonekana tena.

Watu watasema Soka alikuwa mwanajeshi, wangemkamata hata kwa gari la rangi ya udongo. Nimejiambia hivyo miaka kumi na minne. Haijanisaidia.

Jumamosi, 23 Januari

Mariam Poni amekuja kuchagua bluu. Nilimpakia vipande vitatu vya bati: bluu ya anga, bluu ya sare za shule, bluu iliyokolea ya usiku. Kavibeba nje kwenye jua, kavigeuza, kavirudisha kivulini. Ana jicho, huyu mtoto. Biashara ya vitenge imemfundisha. Akauliza, baba yake alipenda bluu kweli? Maana mama yake akimsimulia lile gari alikuwa akisema lilionekana tangu mbali kabla halijasikika.

Nikasema bluu nayo huonekana.

Adrabo, fundi wa injini, alikuwa chini ya gari anasikia. Akacheka, akasema bluu ya Mzee Ayiko lazima iwe na taa ndani. Adrabo amekuja Arua juzi juzi tu, hajui kitu. Injini ya zamani imeganda kabisa, anaweka ya pikapu. Gari la mbio lenye roho ya pikapu. Haya.

Binti kachagua iliyokolea.

Jumatano, 27 Januari

Kutu. Kutu. Kutu. Sakafu ya kushoto imetoka yote mkononi kama maganda. Bega linauma. Nimeshukuru kuumwa, maana mtu anayeumwa haongei na watu.

Jumanne, 2 Februari

Binti amepita na furushi. Amenunua kitenge cha sare kwa ajili ya wanawake wote wa karama, vipande thelathini. Bluu! Ili vifanane na gari. Amekifungua juu ya boneti anionyeshe, anatabasamu. Nikasema ni kizuri. Ni kizuri kweli, ndiyo shida.

Nimemsimulia Mama Santo wakati wa kula. Mke wangu anayajua yote, siku ile ya Soka alikuwa uani anaanika mihogo. Akasema nimekivalisha uongo kijiji kizima, na kama nina haya nikamwambie yule mtoto kabla mafundi cherehani hawajashika mkasi.

Nina haya. Ndiyo maana sijamwambia.

Ijumaa, 5 Februari

Nimeumbuka.

Adrabo amevua mpira wa kioo cha mbele ili tubadilishe kioo. Chini ya mpira, pale ambapo jua na moto havikufika, mstari mwembamba upana wa kidole — chungwa. Mpya kabisa, inang'aa kama niliipuliza jana. Adrabo kafurahi kama aliyeokota noti. Akamwita Mariam Poni, ambaye alikuwa getini anapatana na mwenye lori. Amekuja mbio. Ameinama, kaufuta kwa ncha ya leso, kautazama muda mrefu.

Akasema jekundu na njano, kumbe wote walikuwa sawa. Halafu akanigeukia.

Nikasema ni uzee. Magari ni mengi, nimechanganya.

"Fundi hapana sahau rangi yake," akasema. Hakusema kwa ukali. Afadhali angefoka.

Vitenge vibaki bluu, amesema, haidhuru. Gari liwe chungwa.

Jumatatu, 8 Februari

Nimechanganya rangi. Njano kwanza, kisha nyekundu kwa kijiko, tone la nyeupe. Nilidhani itanichukua siku nzima kukisia, maana sijaichanganya tangu 1976. Mara ya kwanza tu imekubali. Nimeweka tone kwenye ule mstari wa chini ya mpira, likapotea ndani yake, huoni mwanzo wala mwisho.

Mkono haujasahau chochote. Nimekaa kwenye debe nikalia. Adrabo alidhani ni thina ya kuyeyushia rangi imeniingia machoni, kaniletea maji.

Jumapili, 14 Februari

Koti la tano. Kwa kawaida Jumapili sifanyi kazi, leo sikuenda kanisani, upepo ulikuwa umetulia na vumbi limelala. Nikapuliza.

Ee Mungu, ni zuri. Watu wanasimama barabarani. Mzee mmoja kashuka kwenye baiskeli, kauliza, hili si lile la yule kapteni? Nikahisi kifua kinapanda kama zamani. Mara moja tu! Halafu nikakumbuka kifua hiki hiki ndicho kilichomjibu Soka. Nimeingia ndani nikafunga mlango. Najichukia kwa ile dakika moja.

Jumatano, 17 Februari

Limekauka, nimeling'arisha, Adrabo ameliwasha. Linakoroma kama pikapu, lakini linakwenda. Mariam Poni amekuja na baba yake mdogo. Lokule ni mzee mkavu, mtu wa maneno machache. Alizunguka gari mara mbili, akaweka kiganja juu ya paa, akakiacha pale. Binti kaingia akashika usukani. Alipotoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nimemtunzia baba yake. Akasema Jumapili mbele ya watu wote atalitaja jina langu kwenye dua.

Hapo ndipo niliposhindwa. Kutajwa kwenye dua ya Soka! Mimi!

Nikamwambia. Nimesimama, kofia mkononi. Chungwa ilikuwa wazo langu, si lake. Alikuja asubuhi ile, aliomba, nilikataa, nikamwambia Alhamisi. Kopo lilikuwa mezani. Nimekudanganya bluu kwa sababu sikutaka kuiona tena rangi hii. Nilisema yote bila kupumzika, na sikutaja vita wala wakubwa wala wale wa kizuizini. Sehemu yangu tu.

Lokule akaondoa mkono kwenye paa. Mariam Poni aliniangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo. Wakaondoka kwa miguu kuelekea stendi, gari wakaliacha.

Mama Santo anasema nimefanya vizuri. Sioni vizuri yoyote. Nimejitua mzigo na kumtwisha mtoto wa watu, siku nne kabla ya karama ya baba yake. Ningemwambia siku ya kwanza, angekuwa na mwezi mzima wa kunikasirikia.

Ijumaa, 19 Februari

Kimya. Gari liko uani limefunikwa shuka. Adrabo ameuliza kama lipelekwe Koboko, nikasema tungoje.

Jumamosi, 20 Februari

Amekuja. Saa tano, peke yake, kwa basi la asubuhi. Amevaa kile kitenge cha bluu, kimeshashonwa. Nikataka kumsalimu, akanyanyua mkono kidogo, si kwa dharau, kama anayesema subiri. Akavuta shuka. Jua lilipiga gari, sote wawili tukafinya macho.

Akauliza baba yake aliomba rangi gani siku ile. Nikamwambia yoyote. Alisema yoyote isipokuwa hii.

"Na wewe ulikuwa na rangi hapa?"

"Nilikuwa nayo."

"Kwa brashi ingechukua muda gani?"

Nikamwambia masaa mawili.

"Basi iko masaa mbili," akasema. "Anza, mzee. Mimi naendesha leo mpaka nyumbani."

Nilitaka kumwambia. Naona haya kuandika, lakini nilifungua mdomo kabisa nimwambie kwamba rangi ya brashi juu ya koti lililong'arishwa haishiki, itaachia mistari, kwamba njia ya Koboko ni vumbi tupu mwezi huu na litaganda lote kwenye rangi mbichi, aniachie hata mpaka Jumatatu. Yeye alikuwa ananitazama mdomoni, anangoja aone nitakachosema. Nikaufunga.

Nilikuta kopo moja la kijivu na nusu kopo la kijani. Nimeyachanganya kwa kijiti. Sikukwaruza. Sikuweka praima. Nimeanza na boneti, ile boneti, na brashi ya kupakia milango ya nyumba. Imeacha nywele. Adrabo alikuja akasimama, akauliza kama nimeugua. Mariam Poni akamjibu kwamba mzee yuko kazini. Akaingia ndani ya gari akakaa kwenye usukani, mlango wazi, saa ya mkononi ameivua ameiweka mbele ya kioo.

Mwanzoni nilipaka polepole, bado natafuta mstari uwe sawa. Mkono huu! Hata leo. Halafu nikaacha kutafuta. Nimepaka kama mtu anayezima moto. Nimepita na mpini, nimepita na ukingo wa kioo, matone yamemwagikia matairi. Pua imekwisha, paa limekwisha, upande wa kushoto umekwisha. Kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya, na katikati yake nimejikuta nazungumza na Soka kwa sauti. Nilimwambia ndugu yangu, karibu, si muda mrefu, kaa kivulini kidogo, sasa hivi utaondoka. Binti alisikia. Hakugeuka, lakini niliona mabega yake yanainuka na kushuka.

Nimeingia humu ofisini kutafuta thina, rangi imekuwa nzito. Naandika nimesimama, vidole vimechafua karatasi. Sijui kama atanisamehe, hajasema, na mimi siwezi kumuuliza mtu swali hilo nikiwa na kopo mkononi. Zimebaki dakika ishirini na tano. Upande wa kulia wote bado ni chungwa.

Amewasha injini. Nakimbilia upande wa kulia na brashi.