Yule Mwanamke wa Mifuko Mitano

Kwa kaka yangu mpenzi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na mama anaendelea vizuri na ile dawa yake ya macho. Shemeji na watoto nawasalimu wote, hata yule mtundu aliyenifichia kiatu mara ya mwisho nilipokuja. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kaka, kwenye simu wewe husikilizi. Unaweka spika, nyumba nzima inasalimia, halafu unaanza kunieleza habari za duka mpaka salio linakata. Barua huwezi kuikatiza. Nimempa jirani yenu fundi baiskeli, aliyekuja huku kununua vipuri, na nimemwapisha aikabidhi mkononi mwako kabla ya Jumamosi. Isome peke yako karakanani, mashine zikiwa zimezimwa.

Najua Jumamosi ndiyo siku ya kutia saini. Nyumba ya mama iende kwa mnunuzi, wewe uchukue lile duka la ghorofa ya pili kwenye jengo la maduka, sofa zako zikae jirani na mikoba ya matajiri, na mama ahamie kwenye chumba cha kupanga "kwa muda". Ulinieleza mara nyingi na mimi nikawa naitikia tu. Leo naomba unisikilize wewe.

Nianze na hayo maduka yenyewe. Yalipofunguliwa mji mzima ulitoka kwenda kuyatazama. Wakubwa wakakata utepe, watu wakapiga makofi. Hebu fikiria, watu wazima na akili zao wanaupigia makofi mkoba! Katika duka moja mkoba una kiti chake cha mahameli na taa yake ya kuumulika, lakini wasichana wanaouza hawana hata kigoda. Wanasimama tangu kufungua mpaka kufunga, miguu imewavimba. Mmoja alijiegesha kidogo kwenye ngazi, akakatwa mshahara wa siku nzima. Duka la pili linauza saa zisizoandikwa bei, eti anayeuliza bei hana uwezo. La tatu limeweka mkanda wa mbwa ndani ya kabati la kioo. Wa mbwa, kaka! Na mbwa wa mji huu unawajua wewe mwenyewe, wanalala jalalani. Halafu juu ya dari wamefunga mashine inayopuliza manukato mchana kutwa. Siku ya kwanza nilipiga chafya mpaka machozi yakanitoka, na sasa hata chai yangu ya nyumbani inanukia hivyo hivyo.

Msimamizi wa jengo unamfahamu. Ni yule yule anayekuita ndugu yangu na kukushika bega. Sisi tunamwita Marashi, maana harufu yake inatangulia kufika. Juzi alimaliza kula, akachokonoa meno, kisha kile kijiti akamkabidhi mlinzi kiganjani, na mlinzi akasema asante. Nilipoona hivyo nikageuka upande. Huyo ndiye uliyemsifia kwa mama kwamba ni mtu wa watu.

Mimi nilikuambia kazi yangu pale ni huduma kwa wateja. Ukajivuna, ukamtangazia kila aliyepita karakanani. Nisamehe kaka, nilikudanganya. Kazi yangu ni kuwa mteja.

Nieleze vizuri, usije ukadhani nimechanganyikiwa. Yale maduka makubwa hayana wanunuzi. Anaingia mmoja mmoja, anashika, anajipiga picha, anatoka. Hata kodi hayalipi. Yameletwa bure, majina yake yawavute wafanyabiashara wa kati kama wewe waje wakodi vyumba vilivyobaki, na nyinyi ndio mtakaolipa kwa niaba ya wote. Sasa mtu hakodi duka mahali palipo kimya. Kwa hiyo Marashi ameajiri watu wa kujaza jengo. Kila siku yenye mgeni wa kuonyeshwa chumba tunaitwa, tunavalishwa nguo za madukani, tunapewa mifuko yenye kamba za hariri, tunapita huku na huku tukicheka. Ndani ya mifuko mna magazeti ya zamani yaliyokunjwakunjwa. Wengine wanapangwa foleni nje ya duka la mikoba, wakizuiwa na kamba, na ndani hakuna mtu hata mmoja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mimi ndiye miguu ya hicho kibaya.

Usidhani tunafaidi hizo nguo. Gauni moja tunalivaa wanawake watatu kwa zamu. Mwenzangu analivua limelowa jasho, wanalipulizia manukato, mimi naliingiza mwilini likiwa bado na joto lake. Chakula tunakula nyuma ya jengo kwenye mapipa ya taka, tumesimama, kila mmoja amevishwa mfuko wa taka shingoni kama mtoto mchanga ili tusizidondoshee nguo mchuzi. Choo cha wateja haturuhusiwi. Hapo ndipo palipo na utajiri unaotaka kuwa jirani nao.

Utauliza mbona wewe umekwenda mara kadhaa na kila mara umekuta watu wamejaa. Kaka yangu, wewe ni mtu wa heshima. Mama alitulea tusiingie kwa mtu bila hodi, na wewe kila ulipotaka kwenda ulimpigia simu Marashi kwanza, ukamwambia siku na saa. Ukikata simu, sisi tunaitwa. Adabu yako ndiyo iliyokuponza. Ungepita siku yoyote bila taarifa, ungekuta wafagiaji na walinzi, na ghorofa ya tatu nzima, ambako hawajawahi kukupandisha, imefunikwa turubai la rangi lililoandikwa kwamba maduka yanakuja karibuni. Yalikuja, yakafilisika, yakaondoka.

Sasa nafika panaponichoma. Mwezi uliopita ulitoka kule ukaja moja kwa moja chumbani kwangu, ukakaa kitandani, ukanywa chai, ukanieleza kwamba ulikuwa na wasiwasi hadi ulipomwona mwanamke mmoja. Ulikuwa umeegemea ukingo wa chuma wa ghorofa ya pili. Ukamwona anatoka duka la mikoba, gauni la manjano, miwani nyeusi, nywele hadi mgongoni, mifuko mitano mikononi. Ukasimama kunionyesha mwendo wake, ukatembea chumbani kwa maringo hadi ukajikwaa kwenye ndoo yangu. Ukasema ana madaha ya ng'ombe wa maonyesho, na kwamba mji wenye wanawake kama yule hauwezi kukosa wa kununua sofa. Ukasema hapo hapo wasiwasi ulikwisha, ukashuka ukampa Marashi mkono.

Mimi nilicheka pamoja nawe, nikakuongezea sukari.

Kaka, mwanamke yule ni mimi. Nywele ni za kuazima, na miwani inarudishwa ofisini. Nilikuona kule juu tangu ulipoingia. Marashi alikuwa amejibanza nyuma ya mlango wa duka akininong'oneza nipite tena chini yako, nicheke zaidi, na nikapita tena. Nilijiambia hutakodi, wewe ni mgumu wa pesa, utatazama tu urudi nyumbani. Kumbe nimeuza nyumba ya mama kwa kutikisa mabega. Tangu siku ile nikijitazama kwenye kioo najitemea mate.

Na hilo si la mwisho. Jana Marashi alitukusanya akatupangia kazi ya Jumamosi. Akasema kuna fundi samani anakuja kutia saini, ila anakuja na mama yake, bibi mzito kushawishika, na nyumba ina jina la huyo bibi. Bibi haoni vizuri, akasema, kwa hiyo maonyesho hayamtoshi, anahitaji mtu wa kumkalia karibu, amshike mkono, amweleze kwa sauti ya upole jinsi wanawake wa mjini wanavyotafuta sofa na kukosa. Akatutazama mmoja mmoja. Akasema, bila kujua kwamba bibi huyo ndiye aliyenizaa, mimi ndiye mwenye sauti ya kuaminika.

Nimepangiwa mama, kaka. Na mdomo wangu huu ulijibu sawa bosi.

Msije. Najua utasema ni wivu, au nimegombana na watu kazini. Sema utakavyo, lakini kesho panda basi, usimpigie mtu simu, ingia jengo lile ukatazame kwa macho yako. Ukiona bado unataka kutia saini, basi Jumamosi mlete mama. Mtanikuta mlangoni na gauni lile lile. Nitamshika mkono kama nilivyoagizwa, na nitamwambia mbele ya Marashi na wote waliokodiwa: shikamoo mama, ni mimi mwanao, usitie kidole kwenye karatasi yao. Hapo kazi yangu itakuwa imekwisha, na wewe hutanisamehe kwa aibu nitakayokuwa nimekutia. Potelea mbali. Afadhali unichukie, mama akilala kwake.

Nisalimie wote, mafundi wako pia. Kwa mama usiisome hii, itamuua kwa uchungu. Shemeji ameniambia tangu juzi ameanza kufungasha vyombo, anavipapasa kimoja kimoja na kuvifunga kwenye kanga zake ili visivunjike njiani. Mfungulie, kaka. Usimtume mtoto. Mfungulie wewe mwenyewe, uvirudishe kabatini mahali anapovijua kwa kupapasa.

Mdogo wako anayekupenda,
Chiriku