Gomesi Iliyopigwa Pasi

Malukhu, Mbale
4 Machi 1996

Kaka Ojok,

Nakusalimu kutoka chini ya mlima. Mguu wako u hali gani, au bado ndio udhuru wa kutokwenda misa? Sisi wazima. Mvua imeanza, na paa la zahanati linavuja palepale pa mwaka jana, kwa uaminifu.

Jana asubuhi tumeletewa mwanamke wa Nakaloke, Brendah, muuza nyanya. Mwenye kibanda anachopanga sokoni amembaka. Nilimpa maji ya kunywa, kisha mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye beseni na sabuni. Nikausimamisha.

Nilimkumbuka Orpah wa Budondo, aliyebakwa mwaka ule wa themanini na nne, mimi nesi mpya hapo Jinja. Nilimwogesha, nikamfulia gomesi, lile vazi lake refu la mabega yaliyochongoka, nikaipiga pasi mpaka mabega yakasimama. Nilidhani ndiyo huruma. Jaji alipouliza ushahidi, wakili wa yule mtu akasema gomesi hii ni safi kuliko kanzu ya askofu. Watu wakacheka, na yule mtu akaenda zake.

Safari hii daktari kampima Brendah siku ileile, na nguo haijaona maji. Lakini polisi wanataka aje kaunta aeleze, arudi kwa daktari aeleze, aende kwa afisa wa ustawi wa jamii aeleze. Wajomba zake nao wamekwisha anza habari za kulipwa mbuzi wamalizane kwa mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji. Akisimulia mara nne, ya tano ataomba hao mbuzi mwenyewe. Nifanyeje?

Barua nampa dereva wa basi. Jibu upesi.

Dada yako,
Gorreti

Jinja
6 Machi 1996

Dada Gorreti,

Dereva amenikuta mzima. Mguu huenda misa. Mimi ndiye hubaki.

Tarun, mtoto wa yule Mhindi aliyefukuzwa nchini mwaka wa sabini na mbili, amerudi, amepewa tena duka la babake. Kibao cha jina lao alikikuta ni mlango wa banda la kuku. Chai ni ileile tuliyokunywa duka likiwa mikononi mwa wengine, na jana niliinywa pale barazani nikatukumbuka: wewe na kofia nyeupe, mimi na mkanda uliong'aa, tukijiona ndio serikali.

Usijitwike Orpah peke yako. Wewe ulifua, mimi nilimhoji kaunta, kwa sauti ya gwaride, mbele ya watu waliokuja kuripoti kuku. Nilisifiwa mwandiko.

Sasa sikiliza. Nguo usiitie kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, itaoza. Ifunge kwa karatasi, andika tarehe, atakayeipokea atie saini. Na usimzungushe huyo mama; wazungushe wao. Polisi, daktari, mtu wa ustawi, wote waje chumba kimoja, aseme mara moja. Mmoja aulize, wengine wafunge midomo. Afande akikataa, mwambie Sajini Ojok naye alijua kazi kuliko wote, na leo analima viazi.

Kaka yako,
Ojok

Mbale
15 Machi 1996

Kaka,

Salamu nyingi, na za viazi pia.

Walikuja, kwenye chumba chetu cha chai. Margret wa ustawi alifika wa kwanza, daktari akafuata. Afande Norman alichelewa, akakuta kimebaki kigoda kifupi cha kliniki ya watoto. Alikikalia na buti zake, magoti yakamfika masikioni. Brendah alimtazama pale chini, akaanza kusema. Norman aliandika juu ya goti. Mwandiko mbaya sana, utafurahi.

Wajomba walingoja nje. Margret aliwaambia kesi hii si ya ukoo tena, wakabisha. Brendah akatoka mwenyewe.

"Mbuzi mtakula nyinyi," aliwaambia. "Mimi nitakula nini?"

Wakaondoka. Ameniuliza kama atasema tena. Nimemwambia mara moja tu, mbele ya jaji. Niombee isiwe uongo.

Dada yako,
Gorreti

Jinja
20 Agosti 1996

Dada,

Hujambo huko? Miezi mitano huandiki. Ama kesi imekufa, ama wewe. Nijulishe ni ipi.

Kaka yako,
Ojok

Mbale
11 Novemba 1997

Kaka,

Nisamehe. Tarehe iliahirishwa mara sita, na kila mara nilishika kalamu nikaiweka.

Jana imekwisha. Karatasi ilifunguliwa mbele ya jaji, nguo ikiwa vilevile, saini zote zipo. Brendah alisema mara moja, akakaa. Yule mtu amepata miaka tisa. Leo Brendah yuko sokoni, kibanda kingine. Wapo wanaompita bila salamu, na wapo wanaonunua nyanya kuliko wanavyoweza kula.

Sikulala kwa furaha, kisha nikashindwa kulala kwa ajili ya Orpah. Wewe uko karibu na Budondo. Mimi naogopa.

Dada yako,
Gorreti

Jinja
30 Novemba 1997

Dada Gorreti,

Natumaini umelala.

Nimekwenda Budondo. Njia nzima nilipanga maneno ya msamaha, na nilipofika yakanipotea yote. Orpah alikuwa akimenya muhogo. Kuhusu wewe, alisema gomesi ile aliivaa kanisani miaka kumi. Siku ile nzima, alisema, wewe peke yako ndiye uliyemgusa kama mtu.

"Lakini wewe, afande, nakukumbuka kwa sauti."

Nilimwambia nimekuja kusikia, kama bado anataka kusema. Nikatazama kiti.

"Chini," akasema, akanionyesha mkeka.

Nilikaa. Alisimulia mpaka muhogo ukaiva. Sikuuliza kitu, wala sikuandika neno. Mguu unaniuma mpaka leo.

Kaka yako,
Ojok