Nusu ya Neno

Jumatatu, 11 Novemba 1974
Nimepanda mistari saba ya mahindi kabla jua halijawa kali. Mbegu zile zilizopakwa dawa nyekundu ya wadudu. Mwanangu Sabina nyuma yangu. Nageuka, mdomo mwekundu, anatafuna! Nikamtia kidole kooni. Akatapika, macho yakapanda juu. Nimekimbia naye mpaka misheni. Mungu nisamehe.

Jumanne, 12 Novemba
Yuko hai. Sista Mjerumani kampa unga mweusi wa mkaa kwenye maji. Kanipa na kopo la unga huo: asubuhi, mchana, jioni, nisiruke hata mara moja, sumu bado iko tumboni.

Nimefika nyumbani, baba mkwe kalishika kopo. Utotoni alifanya kazi jikoni kwa Wajerumani. Limeandikwa GEGENGIFT. Akapiga kelele, "Gift! Gift ni sumu! Waliandika hivyo kwenye chupa ya kuulia mbwa!"

Baba Sabina hakuuliza. Ngumi ya mdomo. Jino limetoka. Shemeji akaja na mpini wa jembe, mgongoni, mbavuni. "Mchawi we! Unamaliza mwanao!" Akanyakua kopo akamwage. Nimemng'ata mkono mpaka nyama ikaachia. Sijutii. Nikabeba kopo, nikabeba mtoto, mbio.

Jumatano, 13 Novemba
Naandika nikiwa misheni. Jana walinifuata kwa mawe. Moja la kisogo, damu mpaka kiunoni. Sabina halikumpata. Getini Sista akasimama katikati, akafunika maandishi kwa kidole gumba.
"Mzee, soma."
"Gift. Sumu."
Akaondoa kidole. "Na hapa mbele?"
Sista akasoma mwenyewe:
"Gegen. Kupinga. Wajerumani tunaunganisha maneno. Hii ni kipinga-sumu. Umesoma mkia, kichwa umekiacha."
Baba mkwe akasema, "Hiyo gegen haikuwepo jikoni."
Hakuna aliyecheka. Sabina amekunywa dawa ya jioni. Nawachukia wote watatu.

Jumapili, 17 Novemba
Sabina anatembea. Mbavu zinaniuma nikipumua. Sista anasema zamani hiyo gift ilikuwa kitu unachopewa tu, kama zawadi. Ikageuka sumu baadaye. Nimewaza sana.

Baada ya misa Baba Sabina amekuja. Peke yake, kofia mkononi. Kachuchumaa, kamnyooshea mtoto mikono. Sabina kanitazama mimi kwanza.

Nimemwachia mkono mmoja wa mtoto. Wa pili bado nimeushika.